Pacha Aliyekwenda Konya

Nilivua hereni kabla hatujafika Bishkek. Nilizivulia garini, dada yangu Zuura akiendesha, nikazifunga kwenye leso na kuitia mfukoni mwa koti. Zuura alinitupia jicho mara moja tu.

"Umefanya nini?"

"Nimezivua."

"Hereni za uchumba alizokuvisha Sonun Apa kwa mkono wake mwenyewe? Mbele ya ukoo mzima?"

"Hizo hizo. Nikihakikisha tu, namrudishia leo leo, mbele ya mwanawe. Kila mtu ashike njia yake."

"Haya. Mimi simo. Mama akiniuliza, nitasema nilikuwa naangalia barabara."

Eti simo! Yeye ndiye aliyenipelekea simu kitandani asubuhi, nikiwa bado na nguo ya kulalia, akaniambia, "Tazama, halafu usipige kelele." Nikatazama. Chumba kizuri huko Konya, kwa Waturuki. Meza ndogo, gilasi ya chai, dirisha. Na nyuma ya hiyo gilasi, ukutani, shirdaki, zulia letu la sufu, nyekundu yenye mabuti meupe. Niliivuta picha kwa vidole mpaka nikauona mshono wa pembeni, pale sindano ilipoponyoka nikarudia mara mbili. Mkono wangu mimi siwezi kuukosea. Chumba kilikuwa cha Nilgun, msanii anayefanya kazi na mchumba wangu Kubat, na picha aliiweka yeye mwenyewe, na chini yake kachora kijimoyo.

Nilipiga kelele, ndiyo. Ng'ombe wa jirani walisikia.

Msinicheke, ngojeni niwaambie kwa nini. Shirdaki haizaliwi peke yake. Unalaza sufu mbili zilizoshindiliwa, nyeupe juu, nyekundu chini, unachora kwa chaki, unapitisha kisu mara moja kwenye zote mbili. Kilichotoka kwenye nyeupe kinakwenda kukaa kwenye shimo la nyekundu, na cha nyekundu kinakuja kwenye nyeupe. Siku moja, kisu kimoja, mapacha wawili. Na wale hawakuwa mapacha wa kuuzia watalii. Tuliwakata mimi na Kubat baridi iliyopita, wiki ileile niliyovishwa hereni. Mweupe, alisema, atampeleka kwenye maonyesho ya mjini. "Mwekundu atatungoja," akaniambia, na akanishika kidole nilichojichoma sindano. "Mwekundu ni wa chumba chetu. Vuli, kondoo wakishuka mlimani, tunalala juu yake."

Sasa chumba chetu kilikuwa Konya?

Kubat nilimfahamu miaka mitatu kabla ya hapo. Alikuja kijijini kwetu Kochkor na nywele ndefu na viatu vya mjini, akamwomba bibi yangu amfundishe kukata shirdaki. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Mwanaume na kisu cha sufu! Basi kazi ikaniangukia mimi. Nilimkalisha sakafuni, nikamwonyesha: kisu ngumini, kidole gumba juu, kiwiko kimegota ubavuni, na unavuta kuja kwako. Alijikata mara nne siku ya kwanza. Mama akaniambia jikoni, "Huyo si mchumba, huyo ni mgonjwa. Kasomea kuchora, halafu hachori. Atakulisha nini?"

Alikuwa amechoka kuchora farasi na milima ya kununuliwa na wageni. Alizungumza kwa pupa, mikono hewani. "Begaiym, kila shirdaki mnatia pembe za kondoo dume. Sawa. Lakini wanaume wa kijiji hiki wako wapi? Moscow, wanabeba saruji. Wanarudi na maneno mengine, na nyimbo nyingine, au hawarudi. Hilo nani amelishona? Kwa nini zulia lisiseme kinachotuuma leo?"

Nilichukua chaki, nikachora kwenye meza yetu mabuti ya kaka yangu Emil, aliyekwenda Moscow. Yalikuwa yamekaa mlangoni mwaka wa nne bila mguu, na kila masika Mama huyapaka mafuta. Nilipomaliza Kubat aliitazama meza, kisha akanitazama mimi, muda mrefu mno, na hapo nikajua nimekwisha.

Ndivyo ilivyozaliwa kazi ile. Nilgun alikuja baadaye, miezi minane iliyopita, huko Bishkek alikorudi Kubat. Kwao nako wanashindilia sufu, lakini hawakati. Wanapanga rangi na kuviringisha pamoja. Akaja wabadilishane ujuzi. Wabadilishane! Kila Jumapili Kubat alinipigia simu, na kila Jumapili ilikuwa Nilgun kasema hivi, Nilgun kaona vile. Nikajikaza kisabuni. Mpaka ile picha.

*

Ukumbi ulikuwa kiwanda cha zamani cha nguo, madirisha makubwa, jua la saa tisa limejaa ndani. Watu walikuwa wengi, wamevaa nyeusi kana kwamba wamekuja matangani. Na pale mbele, ukuta mzima, pacha mweupe na mabuti yake mekundu, jozi arobaini, zote zimeelekea mlangoni. Maandishi ya chini yake niliyasoma mara mbili. *Waliobaki. Kubat na Nilgun.*

Majina mawili. Langu halikuwepo hata kwa herufi ndogo.

"Tulia," Zuura akaninong'oneza. "Umeanza kuhema kwa pua."

Halafu akatokea Nilgun mwenyewe. Nilitaka awe mbaya, jamani, nilimwomba Mungu njia nzima awe mbaya. Hakuwa. Alikuwa na nywele fupi zenye mvi kidogo mbele, pete kila kidole, na kicheko cha mtu asiye na habari. Alinikumbatia kabla sijajiandaa.

"Begaiym! Ni wewe!" Kikirigizi chake alikiokota kwa Kubat, nikasikia sauti ya Kubat ndani ya maneno yake, na hilo likanichoma kuliko pete zote. "Nakujua. Najua chai yako, najua bibi yako. Kubat anasema, anasema, hachoki!"

"Na mimi nakujua," nikamwambia. "Najua hata ukuta wa chumba chako."

Akatabasamu. Hakuelewa, au alielewa.

Kubat alikuwa anakuja kwetu huku akipenya katikati ya watu. Aliniona, uso ukamchanua, ule uchanuaji ninaoujua mimi. Kisha macho yake yakatua masikioni mwangu. Akasimama palepale. Nikamwangalia bila kupepesa, mwache aone vizuri, kulia na kushoto. Mama yake, Sonun Apa, alikuwa ameketi kiti cha mbele na kilemba chake cheupe, mfuko wa boorsok, maandazi yetu madogo, mapajani, anawagawia hata wasiowajua. Yeye alikuwa bado hajaona.

Kubat hakuwahi kunifikia. Msimamizi wa ukumbi alipiga makofi akatangaza kwamba wasanii wetu wawili, mmoja wa hapa na mmoja wa Konya, sasa watakata shirdaki mpya mbele ya wageni, mikono miwili kutoka nchi mbili, kisu kimoja.

Kisu kimoja. Zuura alinishika mkono.

Wakapiga magoti kwenye jukwaa la mbao. Sufu zililazwa, nyeupe juu, nyekundu chini. Niliitambua mara moja. Ilikuwa sufu yetu. Mimi, Mama na majirani sita tuliishindilia siku mbili, maji ya moto hadi viwiko. Kubat akalaza viganja akaikaza. Nilgun akaegemea karibu naye, nywele zake zikagusa bega lake, akashika kisu. Nilijisikia kumvuta zile nywele, naapa.

Kisha nikatazama mkono wake.

Alikishika kisu kama kalamu. Vidole vitatu, kifundo kimepinda, anasukuma kwenda mbele. Ncha ilitembea juu ya sufu nyeupe vizuri tu, mstari umenyooka, watu wanatikisa vichwa, lakini nguvu haikuwepo. Chini, nyekundu haikuguswa. Akimaliza atanyanyua ya juu na kukuta ya chini nzima kama ilivyolazwa. Mbele ya watu mia na simu zao.

Nikashangaa. Miezi minane! Aliyefundishwa na Kubat hawezi kushika kisu hivyo, kwa sababu Kubat nilimfundisha mimi. Huyu mwanamke hakufundishwa kabisa.

Zuura naye aliona. Akaangua kicheko cha puani. "Hakati ya chini. Mwache aumbuke, shoga yangu. Mungu amekulipia."

Na mimi nilitaka. Nisidanganye, nilitaka sana. Niliuacha mstari uende upana wa vidole vitatu zaidi na utamu wake niliusikia ulimini. Lakini ile sufu. Mgongo wa Mama ulimuuma wiki nzima kwa ajili ya ile sufu. Nikajikuta nimeshapanda jukwaani.

"Nipe," nikamwambia Nilgun.

Akanitazama, akatazama kisu, akanipa na kusogea pembeni. Watu wakanong'ona. Wengine wakainua simu juu. Nikapiga magoti mbele ya Kubat, kisu ngumini, kidole gumba juu, kiwiko ubavuni.

"Shika vizuri," nikasema.

"Hereni ziko wapi?" Alikuwa amenyauka.

"Nimesema shika vizuri. Nikikukata kidole usiseme nimekusudia."

Nikavuta. Kisu kikazama kwenye zote mbili, nikausikia ule mkwaruzo wa ubao chini.

"Pacha yuko wapi, Kubat?"

Akakaza viganja kwenye sufu.

"Nakuuliza, yuko wapi?"

"Konya."

"Kwa nani huko Konya?"

"Unajua kwa nani."

"Nataka kusikia kwako. Geuza sufu, nafika kwenye kona."

Akageuza. "Kwa Nilgun. Nilimpa mwezi wa pili, alipokwenda kwao. Begaiym, sikiliza. Kazi hii ni mbili. Huyu ukutani anaitwa *Waliobaki*, na yule mwekundu ni *Waliokwenda*. Yule ilibidi aende. Angekaa nyumbani asingekuwa na maana."

"Ilibidi! Alikuwa na miguu? Alikata tiketi mwenyewe, akaaga?"

Mtu wa mstari wa mbele akacheka. Mwingine akamwambia, "Shh, ni sehemu ya maonyesho."

"Ni sanaa," Kubat akasema kwa sauti ya chini.

"Ni chumba chetu. Uliniambia kwa mdomo wako. Na jina langu? Mabuti yale nani aliyachora?"

"Waliomba majina mawili tu."

"Majina mawili yanatosha kitandani, Kubat. Kwenye zulia tulikuwa watatu."

Safari hii walicheka wengi. Sonun Apa hakucheka. Alikuwa ameacha kugawa boorsok, na macho yake yalikuwa kwenye masikio yangu.

Nikainama zaidi, mpaka paji langu likakaribia lake. Swali hili lilikuwa limenikaa kooni tangu asubuhi na sikuweza kulimeza tena. "Umelala naye?"

"Hapana."

"Mama yako yuko pale anakuangalia."

"Hata mbele ya Apa. Hapana, Begaiym. Sijamgusa."

"Basi nini? Mtu hatoi zulia lake la harusi bure bure. Ilikuwa nini?"

Nilikata mguu mzima wa buti kabla hajafungua mdomo.

"Nilipenda anavyonitazama," akasema. "Hapa kila mtu ananiuliza lini nitaanza kazi ya maana. Mama yako, wajomba, wote. Yeye alikaa mbele ya mabuti ya Emil akalia. Nikajiona mtu mkubwa. Akaniomba mwekundu, na nikashindwa kusema hapana kwa mtu aliyeniona mkubwa."

Afadhali angeniambia amelala naye. Nasema kweli. Hilo ningelitukana, ningelipigia kelele, ningelimwagia chai. Hili lilinikata maini kimyakimya.

"Na mimi nilipoyachora," nikasema, "nililia. Mezani kwetu. Uliona?"

"Niliona."

"Nilikutazama au sikukutazama?"

"Ulinitazama." Sauti yake ilikatika. "Nikazoea. Nisamehe. Nikazoea kama mjinga."

Chozi lilinidondoka kwenye sufu, nikalifuta kwa ngumi yenye kisu, watu wakaguna kwa hofu. Nilibakiza mstari mmoja. Nikasimamisha mkono.

"Kwa nini hukumfundisha kisu?"

Akainua macho. "Aliniomba mara nyingi. Kushona nilimfundisha, na rangi, na kusokota kamba. Leo walipotangaza hivi, nilimwambia ashike tu anavyojua. Kisu sikuweza."

"Kwa nini?"

"Ni chako."

"Zulia uliweza kutoa, kisu hukuweza?"

"Ndiyo."

"Mwanaume wa ajabu wewe," nikamwambia, na nikamaliza mstari.

Tukanyanyua pamoja. Nyeupe ikatoka, na chini yake nyekundu ikatoka nayo, safi, bila uzi uliong'ang'ania. Nikapachika kila moja kwenye shimo la mwenzake. Ukumbi mzima ukalipuka makofi. Bwana mmoja mwenye miwani akafuta macho na kusema hajawahi kuona igizo la kweli namna ile.

Nilgun alikuja na chaki mkononi. Alikwenda ukutani, akaandika kwa mkono mbele ya majina yale mawili, herufi kubwa, *Begaiym*. Kisha akarudi akasimama karibu yangu, hana kicheko.

"Aliniambia kazi. Hakuniambia ni ya nyumba yenu," akasema taratibu, akitafuta maneno. "Lakini nikuambie ukweli. Ningejua, labda bado ningeomba."

Nilimpenda kidogo kwa kusema hivyo, na nikamchukia maradufu. Ile mvi ya mbele ilimpendeza mno.

"Begaiym," Sonun Apa akaita. "Njoo hapa, mwanangu."

Nikashuka. Kubat akanifuata hatua mbili nyuma. Yule mama alinishika kidevu, akageuza uso wangu huku, akaugeuza huku, kama siku ile aliyonivisha.

"Nimesikia yote. Masikio yangu ni ya zamani lakini bado yanafanya kazi. Umezileta?"

Nikatoa leso. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu, nimeyapanga njia nzima toka Kochkor, makali, yenye heshima ya kutosha. Nilifungua ile leso na hereni mbili zikalala kiganjani, fedha tupu, zimeshavaliwa na yeye na mama mkwe wake kabla yake. Kubat alizitazama, midomo imekauka. Hakuomba. Angeomba pale, nadhani ningezirudisha zote mbili.

Nilichukua moja nikaitia sikio la kushoto. Nikakosea tundu mara mbili. Ile nyingine nikaiweka kiganjani mwa Sonun Apa, nikamkunja vidole.

"Apa, hii nitunzie. Siku pacha wa zulia akirudi, na pacha wa hereni atarudi. Asiporudi mpaka kondoo washuke, nitakuletea na hii."

Zuura nyuma yangu alisema, "Loo!" kwa nguvu kama mtu aliyekanyagwa.

Sonun Apa akafungua pindo la kilemba chake, akaifunga ile hereni fundo tatu, akasimama akakung'uta makombo ya boorsok mapajani.

"Kubat," akasema. "Hiyo Konya, inafikika kwa siku ngapi?"

"Apa, maonyesho ndiyo kwanza yameanza. Kesho kuna waandishi..."

"Sikukuuliza ya kesho."

Kubat alinigeukia. Alilitazama sikio lenye hereni, kisha lile tupu, na hapo alikawia, machozi yakamlengalenga. Kisha akaenda kuchukua koti lake ukutani, karibu na Nilgun, na akapita mbele yake bila kusimama, akielekea mlangoni. Mimi nilikuwa namhesabia hatua.